Feza za Leta na Viwanda: Nani Anayepata Faida?

Tangu mwisho wa mvua iliyopita, vijana wa parokia yetu wanatuletea karatasi zao. Huyu ana diploma ya Leta, yule ana cheti cha kuunga vyuma, mwingine ametia ndani ya bahasha hata cheti chake cha ubatizo, kana kwamba mashini itamwuliza alibatizwa wapi. Wote wanaomba neno moja: padri awaandikie barua ya kuwashuhudia, kwa sababu wamesikia kwamba kiwanda kinakuja. Tumeandika barua hizo, maana kumnyima kijana barua ni kumnyima tumaini kwa bei ya karatasi moja. Lakini tulipofika kwa barua ya kumi na tisa ao ya makumi mawili, tuliona kwamba hatujui tunamwandikia nani. Juu ya zote tulikuwa tumeandika: «Kwa Bwana Direkteri». Direkteri huyo hatumjui jina, na kiwanda chake hakina bado hata ukuta mmoja.

Hatutaki kuwacheka vijana. Tunataka kupima neno ambalo wakubwa wanalisema na sisi sote tunalirudilia bila kulichungua: kwamba Leta ikimsaidia mwenye kiwanda, mwenye kiwanda naye atawasaidia watu. Neno hili lasikika katika redio, katika hotuba za magavana, na mara nyingine, tuungame wenyewe, katika mafundisho yetu siku ya kubariki jiwe la kwanza. Je, ni neno la kweli? Na kama ni la kweli, ni la kweli wakati gani, na kwa nani?

Msaada wa Leta una sura nyingi. Mara ni feza zenyewe. Mara ni kodi isiyotozwa. Na feza ambayo haikuingia katika sanduku la Leta ni sawasawa na feza iliyotoka, ijapokuwa hakuna mtu aliyeiona ikitoka. Mara ni udongo, barabara, maji na umeme. Mara ni sahihi tu: Leta yaahidi kwamba, kama deni la kiwanda halilipwi, yenyewe italilipa. Sahihi hii haigharimu kitu siku inapotiwa, ndiyo maana wakubwa waipenda kupita misaada mingine yote.

Wenye umri wa wazazi wetu wanakumbuka Maluku. Ni pahali kando ya mto Kongo, juu ya Kinshasa. Hapo ndipo Leta ya Mobutu ilipotaka kuyeyusha chuma cha inchi, kusudi Zaïre isinunue tena chuma ng'ambo. Shauri lenyewe halikuwa la kipumbavu. Inchi yenye mto kama wetu, na umeme wa Inga ambao mashini zake za kwanza zilianza kazi mwaka wa 1972, kwa nini isifue chuma chake? Basi Leta ikakopa. Makampuni ya Italia na ya Ujeremani yakajenga, kati ya 1972 na 1975, kiwanda kizuri chenye nguvu ya kutoa tani 250.000 kwa mwaka.

Lakini mawe ya chuma hayakuwa Maluku. Yako mbali sana ndani ya inchi, na hakuna reli ya kuyaleta. Basi kiwanda kililishwa vyuma vikuukuu vilivyonunuliwa ng'ambo. Mtu afikiri njia yake: chuma kikuukuu chapanda meli huko Ulaya, chashuka Matadi, chapanda reli mpaka Kinshasa, chapelekwa Maluku, chayeyushwa, ndipo chauzwa kuwa chuma cha kuokoa inchi na deni la kununua chuma. Maluku haikufika hata siku moja kupita sehemu moja katika kumi ya nguvu yake. Mwaka wa 1986 ilifungwa.

Hapa watu wengi huinua mabega na kusema: «Kiwanda kile hakikumfaa mtu.» Sivyo. Kilifaa watu wengi, na inafaa tuwahesabu. Waliouza mashini walilipwa, kwa maana mashini hulipwa siku inapofika, si siku inapotoa chuma. Wafanyakazi wa kule Italia na Ujeremani waliozitengeneza walipata mishahara yao, nao hawana kosa. Mabanki yalipata faida ya mkopo. Wakubwa wa hapa waliotia sahihi walipata heshima na picha katika gazeti, na pengine kitu kingine ambacho hatuwezi kukipima. Wajenzi wetu walipata kazi ya miaka mitatu. Hao wote walikwisha kushiba kabla chuma cha kwanza hakijatoka. Waliobaki na njaa ni wale ambao faida yao ilikuwa imefungwa kwa chuma kile: mfanyakazi wa tanuru, mama aliyemuuzia ugali penye mlango wa kiwanda, fundi wa Kinshasa aliyetumaini nondo za bei ndogo, na sanduku la Leta.

Ndiyo maana twasema kwamba swali «Kiwanda kilifaulu ao kilishindwa?» halifai. Tuulize swali lingine: nani analipwa hata kama kiwanda hakitoi kitu? Huyo ndiye mwenye faida ya hakika. Wengine wote wana faida ya matumaini.

Deni nalo halikufungwa pamoja na mlango wa kiwanda. Mwaka wa 1974 na wa 1975 bei ya shaba ilianguka, Zaïre ikashindwa kulipa, na mwezi wa sita wa mwaka 1976 wadai walikutana nayo Paris kwa mara ya kwanza kupanga deni upya. Walikutana mara nyingi nyuma ya hapo. Ni katika mwezi wa saba wa mwaka 2010 tu ndipo Kongo iliposamehewa sehemu kubwa ya madeni yake, yapata dola bilioni 12 kwa jumla. Hatusemi kwamba Maluku ilizaa deni lile lote. Ilikuwa mtoto mmoja katika jamaa kubwa. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufungwa kwake alikuwa na miaka 24 wakati madeni ya zamani ile yaliposamehewa, na katika miaka hiyo yote alikuwa amesoma katika shule ambayo wazazi ndio waliomlipa mwalimu.

Sisi wa Katanga tunaijua zaidi laini ya umeme, ile iliyoitwa Inga-Shaba. Ni kilometa 1.700 hivi, kutoka Inga mpaka Kolwezi. Ilijengwa kusudi viwanda vya shaba vya kwetu vipate umeme wa Inga, na ilimalizika mwanzo wa miaka ya 1980, kwa kuchelewa sana na kwa bei iliyopita sana hesabu ya kwanza. Mwenye kuijenga alikuwa kampuni ya Marekani, Morrison-Knudsen. Sehemu kubwa ya feza ilitoka kwa Eximbank. Wengi wadhani kwamba ni banki ya kusaidia inchi masikini. Hapana. Ni banki ya serikali ya Marekani, na kazi yake ni kukopesha watu wa ng'ambo kusudi wanunue vitu vya viwanda vya Marekani. Hatuilaumu, kwa maana haijaficha kazi yake. Jina lake lenyewe lasema uchuuzi.

Tuone basi jambo hili lilivyo. Laini hiyo ilikuwa kweli msaada wa Leta kwa viwanda. Ila Leta iliyosaidia ilikuwa ya Washington, na viwanda vilivyosaidiwa kwanza vilikuwa vya Marekani. Leta yetu ilileta sahihi. Na watu wanaokaa chini ya nyaya zile, katika Kongo ya Chini, Bandundu, Kasai na Katanga, waliendelea kuwasha koroboi. Umeme wa namna ile, unaosafirishwa kwa mkondo mmoja wa moja kwa moja kwa nguvu kubwa, hauwezi kugawanywa njiani bila mashini za bei kali, na mashini hizo hakuna aliyeziweka katika mpango. Kijiji kilitoa njia, kikakatazwa kulima chini ya nguzo, kikabaki gizani. Tumelala katika vijiji vile wakati wa safari za kitume, na tumesomea breviari kwa taa ya mfukoni, tukiusikia ule mvumo juu ya nyumba.

Najua, wasomaji wetu watajibu: «Padri, mambo yote hayo ni ya wizi. Tafuta wakubwa wasioiba, na msaada wa Leta utafika kwa watu.» Na wanao mfano ulio karibu. Mwaka wa 2014 Leta ilianza shamba kubwa la Bukanga-Lonzo, katika Kwango, hektari 80.000, pamoja na kampuni ya Afrika ya Kusini. Mwaka wa 2017 kazi ilikuwa imekufa. Katika mwezi wa tano wa mwaka 2025 Baraza Kuu la Katiba lilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Augustin Matata Ponyo, miaka kumi ya kazi za lazima kwa ajili ya feza za shamba lile. Mwenyewe amekana siku zote. Kesi hiyo si kazi yetu hapa. Tunasema tu kwamba wizi ni kweli, tena ni dhambi inayolia mbele ya Mungu, lakini umekuwa kwetu jibu rahisi kupita kiasi. Kwa kumtazama mwizi, tunasahau kutazama mlango uliojengwa bila kufuli.

Kusudi tupime neno hilo, inafaa kutafuta pahali ambapo msaada ulitolewa wazi, kwa sheria, mbele ya wabunge, wachunguzi wa hesabu na magazeti, ambapo hakuna mkubwa aliyepatikana amebeba sanduku. Tuone kama pale faida ilikwenda njia nyingine. Pahali hapo ni jimbo la Wisconsin, huko Marekani, kando ya ziwa Michigan.

Mwezi wa saba wa mwaka 2017, katika nyumba ya rais mjini Washington, mkubwa wa kampuni ya Foxconn ya Taiwan alisimama pamoja na rais Trump na gavana wa Wisconsin, Scott Walker. Foxconn ndiyo kampuni inayounganisha simu na mashini nyingi ambazo watu wanazijua kwa majina ya makampuni mengine. Iliahidi kujenga katika mji mdogo wa Mount Pleasant kiwanda cha vioo vya televizyo, kwa dola bilioni 10, chenye wafanyakazi 13.000. Jimbo nalo liliahidi yapata dola bilioni 3. Ukigawanya, ni dola 230.000 hivi kwa kila mfanyakazi. Tena ilikuwa feza ya kweli, si kodi iliyosamehewa tu. Katika jimbo lile wenye viwanda walikuwa wamekwisha kupunguziwa kodi ya faida mpaka kuwa karibu si kitu. Kwa hiyo hapakuwa tena na kodi ya kusamehe, na jimbo lingelipa kwa cheki. Ofisi ya wabunge yenye kuchungua hesabu iliandika wazi, kabla ya kura, kwamba hata kama yote yakienda kama ilivyoahidiwa, jimbo halitarudishiwa feza zake mbele ya mwaka 2042 ao 2043. Wabunge walisoma, wakapiga kura ya ndiyo.

Katika mwezi wa sita wa 2018 rais mwenyewe alikuja kuchimba udongo kwa pauro ya rangi ya zahabu, akaita kiwanda hicho ajabu ya nane ya dunia. Sisi Wakongo tunaijua sherehe hiyo. Tunajua hata namna viti vinavyopangwa.

Yaliyofuata tunayasema kwa kifupi. Kiwanda kikubwa kikawa kidogo, kisha kikawa kitu kingine, kisha hakuna aliyejua vema ni nini. Mwisho wa mwaka 2019 kampuni ilidai feza zake, ikisema ina wafanyakazi 550. Wenye kuhesabu wa jimbo walikwenda, wakahesabu, wakapata 281 tu wanaostahili kuhesabiwa. Walikataa kulipa. Katika mwezi wa nne wa 2021 mkataba mpya ulitiwa sahihi: si dola bilioni 3 tena, ni milioni 80, si watu 13.000 tena, ni 1.454.

Kumbe hata pasipo mwizi, ahadi ilianguka. Na nani aliyekuwa amekwisha kulipwa? Wenye kutengeneza barabara, kwa maana jimbo lilizipanua kabla kiwanda hakijasimama. Wenye kuchimba mitaro ya maji. Mabanki yaliyokopesha Mount Pleasant, mji wa watu 27.000 hivi, ambao ulichukua madeni ya mamilioni mengi ya dola kwa kununua udongo na kupeleka maji. Wanasiasa waliopigwa picha. Ijapokuwa gavana Walker alishindwa katika uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja wa 2018, alikuwa amekwisha kupata siku yake. Na waliopoteza? Ni wenye nyumba za kando ya shamba. Wengi walikubali bei na kwenda. Wengine walikataa, na baraza la mji likatangaza kwamba eneo lao ni eneo lililoharibika, kusudi sheria iruhusu kuwaondoa kwa nguvu. Eneo lenyewe lilikuwa mashamba ya mahindi na nyumba nzuri zenye majani yaliyokatwa. Tulipoona picha zake tulikumbuka maneno «udongo usio na mwenyewe», ambayo babu zetu waliyasikia wakati wa Bula Matari.

Hata hivi, inafaa tuwe wenye haki. Wisconsin haikupotea kama Zaïre, na sababu yake ndiyo somo lenyewe la habari hii. Kwanza, mkataba ulisema kwamba feza za jimbo zitatoka nyuma ya kuhesabu watu, si mbele. Kwa hiyo watu walipokosa, feza nazo zilibaki katika sanduku. Pili, mji mdogo ulikuwa umeweka katika mkataba wake neno moja la akili: kwamba tangu mwaka fulani kampuni italipa kodi ya majengo kana kwamba majengo yale yana bei ya dola bilioni 1.4, hata kama hayakujengwa. Neno hilo moja liliwasaidia wakaaji kulipa deni lao kupita hotuba zote za siku ya pauro. Baadaye Microsoft ilinunua sehemu ya udongo ule kwa kujenga nyumba kubwa za mashini za kuhesabu. Nyumba za namna hiyo zinakula umeme mwingi sana, na wafanyakazi wa kudumu ni wachache. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Twaona basi kwamba tofauti ya Maluku na Mount Pleasant si kwamba huku kuna weusi na kule kuna weupe, wala kwamba huku kuna wezi na kule kuna watakatifu. Ni tofauti ya saa ya kulipa. Aliyelipa kwanza, yaani Leta ya Zaïre kwa sahihi yake, na mji mdogo wa Wisconsin kwa barabara na maji, alibaki na deni. Aliyengoja kuhesabu alibaki na feza.

Kuna mwalimu wa Marekani, Timothy Bartik, aliyechungua misaada ya namna hii kwa miaka mingi. Asema kwamba katika makampuni 100 yaliyopewa msaada wa kawaida, labda 2, labda mpaka 25, yamebadili shauri kwa sababu ya msaada. Mengine yangekuja pahali pale pale hata bila franka moja, kwa sababu ya watu, ya barabara, ya soko, ao ya madini. Tukiyasikia maneno haya huku Katanga, inafaa tukae chini tufikiri. Kobalti haiwezi kuhama. Anayetaka kobalti atakuja Kolwezi, umsamehe kodi ao usimsamehe. Yule ambaye angeweza kwenda pengine ni mwenye kiwanda cha kuigeuza. Na huyo, akija, hutazama kwanza kama umeme unakaa bila kukatika na kama njia ya kwenda baharini yapitika. Tukimsamehe kodi halafu tukakosa feza za kutengeneza njia, tumempa asichokitafuta kwa kumnyima alichokitafuta.

Mtu asidhani kwamba tunakataa msaada wote. Miaka ile ile ya Maluku, inchi nyingine iliyokuwa masikini sana ilijenga kiwanda cha chuma kwa feza za Leta. Ni Korea ya Kusini, huko Pohang. Wataalamu wa Banki ya Dunia walikuwa wameshauri kwamba haifai. Wakorea walitumia feza ambazo Japani iliwalipa baada ya mapatano ya 1965, wakaanza kujenga mwaka wa 1970, na mwaka wa 1973 kiwanda kilitoa chuma, zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Nao hawakuwa na mawe ya chuma ya kutosha. Waliyaleta kwa meli. Basi kosa la Maluku si kununua ng'ambo tu. Pohang iko baharini, Maluku iko nyuma ya Matadi na ya reli; na Leta ya Korea, ilipotoa msaada kwa kiwanda, iliandika kiasi cha kazi kinachotakiwa, na asiyekifikia alinyang'anywa. Mwandishi Alice Amsden alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1989 juu ya Korea, na kitabu hicho kingefaa kuwa katika maktaba za seminari zetu. Tungemlaumu kwa neno moja: apita haraka mno juu ya mishahara midogo na saa nyingi za kazi za watu waliobeba maendeleo yale, chini ya utawala wa askari ambao haukuwaruhusu kudai. Hata pale faida ilipofika kwa watu, ilifika kwa kuchelewa, tena kwa sababu watu wenyewe walisimama kuidai katika miaka ya 1980.

Turudi kwetu. Sheria yetu ya tarehe 21 Februari 2002 juu ya waletao mitaji iliwapa msamaha wa kodi ya faida: miaka mitatu kwa Kinshasa, minne kwa Kongo ya Chini na kwa miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mitano kwa sehemu nyingine za inchi. Iliwasamehe vilevile ushuru wa dwane juu ya mashini. Na sheria ya mwaka 2014 ilileta yale maeneo ya pekee ya uchumi: Maluku hiyo hiyo ilichaguliwa kuwa ya kwanza, na kwetu huku twasikia Kiswishi karibu na Lubumbashi, na Musompo karibu na Kolwezi, ambako wanataka kutengeneza vitu vya betri za magari. Ni shauri zuri. Kobalti yetu imetoka ghafi muda mrefu mno.

Lakini tumesoma sheria ya 2002 kalamu mkononi, tukitafuta ndani yake vijana wetu wa bahasha. Sheria yamtaka mwenye mtaji alete angalau dola 200.000. Yamtaka alinde mazingira, awafundishe wenyeji kazi za ufundi na za uongozi, na aongeze thamani ya kitu kwa sehemu 35 katika 100. Yote hayo ni mema. Idadi ya watu watakaopata kazi kwa kupewa msamaha, hatukuiona ikiwekwa kuwa sharti. Kwa hiyo msamaha waanza na mtaji, haungoji watu. Ni namna ya Maluku, si namna ya Wisconsin.

Wengine wasema kwamba tukiweka masharti makali, wenye mitaji watakimbilia Zambia. Labda wachache. Lakini Kongo na Zambia zilitia sahihi mwaka wa 2022 mapatano ya kufanya pamoja kazi ya betri; mapatano hayo yangeweza kuwa vilevile mapatano ya kutoshindana kwa kusamehe kodi. Wauza samaki wawili wa soko moja, wakipatana bei, mnunuzi hawezi kumtisha huyu kwa jina la yule.

Tumalizie na jambo lililotupata wenyewe. Tulialikwa kubariki jiwe la kwanza la jengo la kazi, ambalo jina lake hatulitaji. Kabla ya siku ile tuliomba kwa heshima kuona ule ukurasa wa mkataba unaosema idadi ya watu na mwaka wa kuwaajiri, kusudi tuwaeleze waamini ukweli. Tuliambiwa kwamba mkataba ni siri ya ofisi. Tulikwenda, tukabariki, kwa maana jiwe halina kosa. Lakini katika mafundisho hatukutaja hesabu ya kazi, na mkubwa mmoja alikasirika. Barua za vijana sasa zapita makumi matatu. Tumeziweka pamoja ndani ya karatasi moja, na juu yake tumeandika swali lile lile tuliloliuliza ofisini. Wenzetu mapadri wa Kolwezi, Likasi, Kalemie na Bukavu, kama kuna parokia moja ambayo imepata kuonyeshwa mkataba wa namna hiyo, watuandikie; tutautangaza hapa ukurasa kwa ukurasa.